Krisanthemu niliyoing'oa nikidhani ni gugu

Mi nimefanya kazi shamba la maua Usa River, kule Arusha, miaka mitatu, kabla sijaolewa, kabla sijajua kuna siku nitaishi Sheffield, Uingereza, navaa soksi mbili mbili, na miaka yote hiyo nilikuwa kwenye grinihausi za krisanthemu na sikuwahi kuona krisanthemu hata moja imechanua. Hata moja jamani. Nikiwaambia watu wanaona nawapiga fiksi, mtu ufanye kazi shamba la maua usione ua, si sawa na kufanya kazi buchani usione nyama? Lakini ndo ilivyokuwa. Sisi hatukuwa tunauza maua, tulikuwa tunauza vipandikizi, vile vikonyo vya juu vyenye majani machache, unavunja kwa vidole, unahesabu, unatia kwenye mfuko, mifuko inaingia kwenye maboksi, maboksi yanakimbizwa eapoti, wakulima wa Uholanzi ndo wanaenda kuviotesha mizizi na kuvichanulisha hukohuko kwao. Kwetu mmea ukionesha tu dalili ya kutaka kuweka ua lilikuwa kosa, supavaiza anakuja juu, maana konyo likishaanza kuwaza ua halifai tena kupandwa.

Na unajua tulikuwa tunazuiaje? Taa. Juu ya matuta kuna balbu zimening'inia mstari mzima, usiku zinawaka dakika kadhaa, zinazima, zinawaka tena, hivyo hivyo mpaka usiku unakatika. Ukipita na basi ile barabara ya Moshi usiku unaona mashamba yanang'aa kama kuna harusi. Mi mwaka wa kwanza wote nilijua ni taa za ulinzi. Mpaka siku moja kaka mmoja wa umeme akanichekesha, akaniambia we dada, huu mmea unahesabu giza. Usiku ukiwa mrefu vya kutosha wenyewe unajua wakati wa kuchanua umefika, na sisi tuko karibu na ikweta, usiku wetu ni kama saa 12 mwaka mzima, kwa hiyo bila taa kila leo unaona wakati umefika. Taa zinaukatisha usingizi, unadhani bado ni kiangazi cha Ulaya. Nikasema haya, nikaendelea kuvunja vikonyo vyangu, ya mmea na usingizi wake yananihusu nini mi nalipwa kwa hesabu.

Nimeanzia huko mbali kwa sababu bila hiyo hamtanielewa kwa nini Septemba moja nilikaa chini kwenye tope la Sheffield nikawa nanusa viganja vyangu kama mgonjwa.

Huku nafanya kazi ya kuhudumia wazee majumbani, naingia nyumba hii natoka nyumba ile, na mwaka wa nne nikapata kiwanja cha kulima. Halmashauri wanavikodisha kwa mwaka, unajiandikisha halafu unasubiri mpaka unasahau kama uliomba. Vinapimwa kwa vipimo vya zamani vya kiingereza, kizima ni kama mita za mraba 250, mi nikapewa nusu, kwenye mteremko, maana Sheffield yote ni milima tu, unapanda unashuka kama uko Marangu. Aliyekuwa nacho kabla yangu alikuwa bibi mmoja ambaye magoti yalimshinda. Aliacha kibanda cha mbao, pipa la maji ya mvua, na upande wa kushoto tuta refu limejaa majani majani tu ambayo sikujua ni nini na wala sikuuliza. Mi akili yangu ilikuwa kwenye mchicha, maharage, na maboga kwa ajili ya majani yake, hilo tuta nikaliacha kama lilivyo.

Sasa ikaja Septemba. Hapa nitoke nje ya mada kidogo. Vitabu vya shule vilitufundisha kwamba hii misimu ya wazungu inaitwa kipupwe, kiangazi, vuli na nini, ila mi neno vuli likitajwa nasikia harufu ya mvua. Vuli kwetu ni mvua za Oktoba, Novemba, watu wanapanda maharage, na Arusha mjini mijakaranda imegeuka zambarau mpaka barabarani chini ni zambarau. Ni mwanzo wa vitu. Huku vuli yao ndo majani yanadondoka, kila mtu sura imeshuka, wanaongelea bili ya gesi. Neno moja, mambo mawili yanayopishana kabisa, na nadhani nusu ya huzuni niliyokuwa nayo miaka ya kwanza kila ikifika Oktoba ni kwamba mwili wangu ulikuwa unasubiri kuanza kitu halafu unaambiwa kimeisha.

Kwa hiyo Septemba ile nikafanya anachofanya mtu yeyote wa kwetu akishavuna, nikasafisha shamba. Jumamosi nzima, jembe, reki, glovu. Maharage nikang'oa, maboga nikang'oa, nikahamia na lile tuta la kushoto maana lilikuwa linaniudhi, mimea mirefu kijani tupu, haina ua, haina tunda, imelaliana, nikajisemea huyu bibi aliniachia msitu wa magugu. Nikang'oa yote nikatupa kwenye lundo la mboji. Kulikuwa na mingine ya majani membamba yenye vitufe vidogo vidogo huko juu, nayo nikafyeka.

Jirani yangu wa kiwanja ni babu mmoja mstaafu, ana kofia moja tu toka nimjue. Akaja na chupa yake ya chai, akasimama kwenye kijia, akaangalia lundo, akaniangalia. Akaniambia, "Mpenzi, hizo umezing'olea nini?" Msishtuke, Sheffield wanamwita kila mtu mpenzi, dereva wa basi, muuza samaki, mwanamume kwa mwanamume, wiki yangu ya kwanza nilitaka kuhama mji. Nikamwambia nasafisha magugu mzee wangu. Akakaa kimya. Halafu akasema taratibu tu, kama anampa mtu habari ya msiba, "Zilikuwa zimebakiza wiki tano hivi."

Nikavua glovu nijifute jasho usoni ndo harufu ikanipanda. Kali, chungu, iko karibu sana na ya pareto, na pareto ni ndugu yake kabisa wa ukoo mmoja, kwa hiyo fikiria ile dawa ya mbu ya kuchoma kabla haijachomwa. Miaka mitatu nililala na harufu hii kwenye vidole. Sabuni ilikuwa haitoi, nilikuwa nakula ugali unanukia hivi. Na nilikuwa nimefikia kulijua lile jani hata gizani, lakini lile la shambani ni fupi, limekatwa katwa, lina adabu, liko kwenye kitanda kimenyooka. Hili lilikuwa limekua mpaka kiunoni, limeachiwa, sikulitambua. Nikakaa palepale chini. Babu wa watu akadhani namlilia bibi wa kile kiwanja, akanimiminia chai.

Tukarudi wote kwenye lundo tukafukua. Mashina matatu yalikuwa bado yana mizizi ya maana, tukayarudishia udongo, tukamwagia maji, akayakatia fito za kuegemea. Mawili yakanuna mpaka mwisho. Moja likanywea wiki nzima, likaamka, na wiki ya pili ya Novemba, asubuhi nimepita mara moja kabla ya shifti, nikalikuta limefungua ua moja. Rangi ya shaba, ndani kama kutu, petali zimejikunja kwa ndani zimekusanyika kama vidole vya mtoto, na juu yake umande umeganda. Nilikuwa na miaka 34. Ndo krisanthemu yangu ya kwanza kuiona mzima, na nilishavunja vikonyo vyake sijui laki ngapi.

Kuanzia hapo nikawa mtu wa maua ya mwisho wa msimu, na sina hamu sana na yale ya masika yao. Kila mtu anapenda ya masika, ni rahisi kuyapenda, umetoka kwenye baridi ya miezi mitano hata mchongoma ungeushangilia. Haya ya Oktoba lazima uyafuate.

Kitu kikubwa nilichojifunza ni kwamba mengi ya haya hayachanui kwa kubahatisha eti baridi limechelewa. Yanachanua kwa sababu giza limefika. Kule kwetu siku ndefu na siku fupi hazipishani hata nusu saa, huwezi kuona tofauti. Huku Juni jua linakaa juu karibu saa 17, Desemba hazifiki 8. Yaani kile tulichokuwa tunakihangaikia Usa kwa mabalbu na majenereta, huku anga lenyewe linafanya bure, linawazuia kiangazi chote, halafu kuanzia Agosti linaanza kuwaachia kidogo kidogo. Kosmosi nazo zinachangamka usiku ukianza kurefuka, dalia nazo zinanoga kipindi hichohicho, na hizo mbili kwao ni Mexico, kule si kaskazini kama huku. Krisanthemu yenyewe imetoka China. Ukiangalia vizuri bustani ya vuli ya Mwingereza imejaa wageni, na mi nikaona hapa sasa ndo mahali pangu.

Dalia ndo zilinifundisha kazi. Babu alinipa viazi vyake mwaka uliofuata, vinafanana na mihogo midogo imeshikana shingoni, unapanda Mei baridi la kuua likishapita. Moja ni ile ya majani meusi meusi na ua jekundu la kuwaka, wanaiita Bishop of Llandaff, imetoka Cardiff miaka ya 1920, babu anaisifia kama mjukuu. Mwanzoni nilikuwa naona uchungu kukata maua, nayaacha yapendeze, kumbe ukiacha ua lizeeke mmea unaona kazi imekwisha unaanza kushughulika na mbegu. Ukikata unaendelea kutoa. Nilikuwa nakata kila Jumapili ndoo nzima na Jumapili inayofuata ndoo nyingine ipo. Shida ni kutofautisha kitufe kinachokuja na ua lililokwisha petali zikadondoka, vyote ni kijani na vyote viko juu ya kikonyo, mwezi mzima nimekata vitufe vizuri nikaacha vizee. Ni hivi, kitufe kipya ni cha duara kama kifungo cha koti na ukikibonyeza ni kigumu, kilichokwisha kimechongoka mbele na ni laini, ukikiminya wakati mwingine kinatoa maji. Kidogo tu hicho kikanibadilishia Septemba yote.

Halafu usiku mmoja inakuja ile jalidi ya kwanza, yaani baridi la kugandisha. Kwenye mteremko wetu huwa inaanza kupiga viwanja vya chini bondeni, maana hewa ya baridi inatelemka kama maji, sisi wa juu tunapona siku kadhaa tunajiona wajanja. Ikifika, asubuhi dalia zote ni nyeusi, zimening'inia, kama kuna mtu kapita nazo na maji ya moto. Mara ya kwanza nilikasirika kweli, juzi tu zilikuwa na vitufe. Babu akasema acha hasira kata mashina uache kama shubiri moja juu ya ardhi, chimba, geuza juu chini maji yatoke kwenye mashina yaliyo na tundu, kausha, weka sehemu kavu isiyoganda. Nikasikia yote isipokuwa hilo neno kavu. Nikavitia kwenye mifuko ya plastiki nikafunga. Februari nimefungua, nusu imekuwa uji. Siku hizi natumia maboksi ya ndizi na magazeti makavu.

Na kuna wengine hiyo jalidi inawaua kabisa hawana cha kuchimba. Nilipanda kivulini yale maua mororo ya pinki na meupe ambayo mbegu zake zikiiva ukizigusa zinaruka, kwetu yanajiotea tu mitoni na kwenye migomba na hakuna anayeyahesabu. Huku yanauzwa kwa trei. Nilikuja kusoma kwamba yalifikishwa bustani ya Kew karne ya 19 na John Kirk, yule aliyekuwa balozi wa Uingereza Zanzibar, na jina la kitaalamu yalilopewa wakati ule lilikuwa la kumheshimu Sultani wa Zanzibar, halafu baadae likabadilishwa. Basi sultani wangu mwaka ule alikuwa anachanua vizuri tu mpaka Oktoba 20 na kitu, usiku mmoja, asubuhi nikamkuta kama mchicha uliochemshwa ukasahaulika jikoni. Nilisikitika kuliko dalia. Ila nikimtazama nilijiona mimi mwaka wangu wa kwanza, kizibao cha jinzi na viatu vya kamba.

Mwenzake mwingine wa huko kwetu alinifurahisha. Nilinunua vitunguu vyake kwenye pakiti, picha tu imenivutia, maua meupe yenye doa la zambarau kooni, yameinama kama yana aibu. Nyuma wameandika ni gladiolasi ya Habeshi, nikatafuta nikakuta kwao ni Ethiopia kushuka mpaka huku kwetu na Malawi. Ilichelewa mpaka nikakata tamaa, ikafungua mwishoni mwa Septemba, na jioni inanukia, harufu tamu lakini si ya kukaba. Nilikaa nayo kwenye ndoo niliyoipindua mpaka giza likaingia. Mama akapiga simu ya video, nikamwamkia shikamoo mama, nikamwelekezea ua, nikamwambia mama huyu ni mwenzetu, katoka huko. Akasogeza simu karibu na jicho, akaangalia weee, akauliza, "Linaliwa?" Nikasema hapana mama. "Ng'ombe anakula?" Hapana. "Haya mwanangu, Mungu akulinde," ndo ikaisha.

Kuhusu zile za vitufe vidogo nilizofyeka, zilikuwa asta. Mizizi ilibaki, zikarudi zenyewe wala hazikununa. Waingereza wameziita kwa jina la Mtakatifu Mikaeli kwa sababu sikukuu yake ni Septemba 29 na ndo zinakuwa zimechanua, mauamaua madogo ya zambarau yenye jicho la njano, mengi mpaka tawi halionekani. Hizi sasa kaa nazo siku ya jua saa saba, saa nane mchana. Nyuki wote wa mtaa wapo hapo, na vipepeo weusi wenye mkanda mwekundu, na nyuki wenyewe wamechoka, wanatembea tembea juu ya ua badala ya kuruka, unaweza kumgusa mgongoni asijali. Ndo hapo nilipoacha kusafisha. Vichwa vilivyokauka naviacha, mashina naviacha, ule mti wa kutambaa uliovamia kibanda changu niliokuwa nataka kuukata nikagundua nao unachanua Septemba na Oktoba, vimaua vya kijani visivyo na sura yoyote lakini ukipita unasikia mlio kama transfoma, ni wadudu wanakula chakula cha mwisho. Nikauacha. Kibanda kitaanguka siku yake ikifika.

Na mwanga. Hili sikuambiwa na mtu. Kwetu jua liko kichwani, linamwagika tu, maua mchana yanafifia. Huku Oktoba jua halipandi, linatembea pembeni kama mtu anayechungulia dirishani, na ua likiwa katikati yako na jua linawaka kwa ndani, hasa dalia nyekundu, hasa kosmosi. Kwa hiyo nimepanga kiti changu upande ambao jua linakuja usoni. Watu wanakaa wamelipa mgongo lisiwaumize macho, wanaona maua ya kawaida tu.

Jambo la aibu nilihadithie harakaharaka. Kazini kuna dada wa Poland, rafiki yangu sana, akajifungua. Nikampelekea krisanthemu zangu nyeupe, kubwa, nimezifunga na utepe, mwishoni mwa Oktoba, naona nimemaliza kila kitu. Akazipokea, akatabasamu lile tabasamu la mtu aliyekanyagwa kidole. Mama yake alikuwa amekuja kumlea mzazi, akazichukua kimyakimya akaziweka nje ya mlango. Kumbe kwao krisanthemu ni ya makaburini, Novemba mosi siku ya Watakatifu Wote familia nzima inaenda kuwasha mishumaa na kupanga krisanthemu juu ya makaburi, na Wafaransa nao hivyohivyo. Nimempelekea mtoto wa siku nne ua la marehemu! Tulikuja kucheka baadae, na sasa kila mwaka ananiagiza ndoo moja kwa ajili ya bibi yake aliyezikwa hukuhuku, lakini siku ile nilirudi nyumbani kwa miguu nikaacha basi lipite.

Bibi mmoja ninayemhudumia, kumbukumbu zake zimeshaondoka nyingi, ananiita majina matatu tofauti kwa asubuhi moja, mi naitika yote. Nikamwekea tawi la krisanthemu kwenye glasi mezani. Hakuliangalia. Akavunja jani, akalisugua kwa vidole, akanusa, halafu akaanza kuongea kuhusu baba yake, mfanyakazi wa kiwandani, chuma, na jinsi alivyokuwa anavalisha kila ua mfuko wa karatasi mvua isilichafue kabla ya mashindano, na watoto hawaruhusiwi kukimbia uani, na mama yao anagomba kwamba maua yanalala vizuri kuliko wanawe. Aliongea kama robo saa bila kupotea. Mwanae alikuwa jikoni, akaja akasimama mlangoni na kikombe, hakuingia mpaka alipomaliza. Kilichonishangaza ni jani. Mi nilidhani ni mimi tu ninayekumbuka kwa jani.

Jumapili ya mwisho ya Oktoba wanarudisha saa nyuma, na hapo kwa mtu wa shifti mambo yanabadilika, unaingia kazini giza, unatoka giza, Desemba jua linazama hata saa kumi jioni haijafika. Bustani inakuwa ya wikiendi tu. Mwaka jana nikasema sitakubali, nikachukua krisanthemu moja ya shaba, mtoto wa lile shina tuliloliokoa, nikaihamishia kwenye chungu nikaileta nyumbani nje ya dirisha la jiko niwe naiona nikiosha vyombo. Oktoba ikaisha, iko kijani. Novemba, kijani. Kule kiwanjani wenzake wamefungua wote, huyu kanenepa majani kama sukumawiki. Nikampa mbolea, nikamnyima mbolea, nikamsogeza, nikamwombea. Jalidi ikampiga hana hata kitufe.

Ilinichukua mpaka Januari. Nimeinama kwenye sinki, saa mbili usiku, naangalia kile chungu kitupu, ndo nikajiuliza, hivi naonaje chungu na ni usiku? Juu ya dirisha langu kuna nguzo ya taa ya barabarani, na jirani ana ile taa ya ulinzi ambayo paka akipita inawaka, paka akirudi inawaka. Inawaka, inazima, inawaka. Nilicheka peke yangu mpaka mtoto akashuka ngazi kuja kuuliza kuna nini. Nimetoka Usa River kilomita elfu ngapi nimekuja kujijengea grinihausi ya vipandikizi dirishani mwangu bure bila hata mshahara.

Na sikuacha hapo, maana mi ni mbishi. Mwaka huu nimeweka chungu palepale, lakini kuanzia mwisho wa Agosti kila jioni saa 12 nakifunika na boksi la ndizi nililoliziba matundu kwa gundi ya karatasi, na asubuhi saa moja nafunua kabla sijatoka. Nikiwa na shifti ya usiku kazi ni ya mwanangu wa kwanza, ana miaka 11, analalamika kwamba wenzake wana mbwa yeye anafunika ua. Baba yake alijikwaa kwenye boksi mara mbili. Nilikosa siku moja tu, tulikuwa harusini Leicester tukachelewa kurudi, nikawa njia nzima naiwaza.

Leo asubuhi nimefunua, katikati ya majani ya juu kuna vitu vitano vya duara, kama kichwa cha kiberiti, vigumu. Nikapiga picha nikamtumia babu, akanijibu baada ya saa nzima maana anaandika kwa kidole kimoja: wiki tano hivi, mpenzi. Nikakumbuka kumtumia na mama. Yeye amejibu kwa sauti, nyuma yake naisikia mvua kwenye bati, ananiambia huku vuli imeanza jana, wanapanda maharage.